Kumuuguza aliyeungua moto: Mzigo wa moyo wanaoubeba wauguzi

KATIKA wodi nyingi za hospitali, mgonjwa akimwona muuguzi anakuja hupata matumaini kwamba nafuu imekaribia. Katika wodi ya majeruhi wa moto hali huweza kuwa kinyume chake. Mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto akisikia magurudumu ya kitoroli chenye shashi na bandeji, huanza kulia kabla muuguzi hajafika kitandani kwake, kwa kuwa ameshajua kinachofuata.

Hiyo ni sura ya kazi ya uuguzi ambayo wananchi wengi hawaifahamu. Muuguzi wa wodi hiyo hulazimika kumuumiza mgonjwa ili apone, tena si mara moja, bali kila siku au kila baada ya siku moja au mbili, kwa majuma na pengine kwa miezi.

Jamii imezoea kuwapima wauguzi kwa mizani miwili tu. Mpole husemwa kuwa ana wito, na mkali husemwa kuwa ana roho mbaya. Katika wodi ya moto mizani hiyo haitoshi, kwa sababu yanayomkuta muuguzi moyoni yanatokana kwa sehemu kubwa na kazi yenyewe na jinsi ilivyopangwa. Yasiposhughulikiwa, anayeumia zaidi mwishowe ni mgonjwa.

Ukubwa wa tatizo

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao 180,000 hufariki dunia kila mwaka kutokana na majeraha ya moto, na wengi wao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Majeraha mengi hutokea nyumbani, hasa jikoni. Watoto wadogo humwagikiwa na chai, uji, maharage au maji ya kuoga yaliyotengwa sakafuni. Watu wazima huunguzwa na majiko ya mafuta ya taa, vibatari, gesi na petroli. Wapo pia wagonjwa wa kifafa wanaoangukia motoni wakati wa kupika, pasipo mtu wa karibu wa kuwavuta.

Mara nyingine moto huwakumba watu wengi kwa pamoja. Wakazi wa Morogoro hawajaisahau Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka eneo la Msamvu na moto kulipuka wakati watu wakichota petroli iliyomwagika. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Majeruhi zaidi ya 40 walipelekwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, na kwa majuma kadhaa baadaye idadi ya vifo iliendelea kupanda.

Kenya nayo ilikumbwa na maafa ya aina hiyo huko Sachang'wan, karibu na Molo, Januari 31, 2009, na katika mtaa wa Sinai jijini Nairobi, Septemba 12, 2011.

Kwa msomaji wa habari, kupanda kwa idadi ya vifo ni tarakimu inayobadilika kutoka toleo moja la gazeti hadi jingine. Kwa muuguzi, kila tarakimu iliyoongezeka ilikuwa mtu aliyemlisha, aliyemgeuza ubavu na kumjua kwa jina.

Jeraha lisilofanana na mengine

Ili kuelewa mzigo huo, ni vyema kwanza kuelewa jeraha lenyewe. Ngozi huzuia maji ya mwili yasipotee, huhifadhi joto na huzuia vimelea visiingie. Ikiungua sehemu kubwa, mambo hayo matatu huharibika kwa wakati mmoja.

Katika saa 24 za mwanzo adui mkubwa ni upungufu wa maji na chumvi mwilini. Kanuni inayotumika katika hospitali nyingi kwa watu wazima hukadiria mililita 4 za maji ya dripu kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, kwa kila asilimia moja ya ngozi iliyoungua. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake huhesabiwa kuwa takriban asilimia moja.

Kwa hesabu hiyo, mtu mwenye kilo 60 aliyeungua asilimia 40 huhitaji lita 9.6 katika saa 24. Nusu yake hutakiwa kuingia mwilini ndani ya saa nane za kwanza, zikihesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika hospitali. Muuguzi hutakiwa kupima mkojo wa mgonjwa kila saa ili kujua kama maji hayo yanatosha au yamezidi.

Siku hizo zikipita, huanza vita ya pili, yaani kuondoa tishu zilizokufa, kuzuia maambukizi, kuandaa kidonda kwa ajili ya kupandikizwa ngozi, na kuvinyoosha viungo ili makovu yasivikunje. Vita hiyo ndiyo inayochukua muda mrefu, na sehemu yake kubwa imo mikononi mwa wauguzi.

Jambo moja huwashangaza sana ndugu wa wagonjwa. Mtu aliyeungua sehemu kubwa mno ya mwili anaweza kufika hospitali akiwa na fahamu zake zote. Huzungumza, huuliza habari za watoto wake na huomba maji ya kunywa. Hata maumivu huweza kuwa madogo kuliko inavyotarajiwa, kwa sababu moto uliozama sana huunguza pia mishipa ya fahamu iliyo ndani ya ngozi. Viungo vya ndani huanza kushindwa kazi saa au siku zinazofuata.

Ndugu hutoka nje wakimshukuru Mungu kwamba mgonjwa wao anaongea. Muuguzi aliyekwishaona majeraha ya namna hiyo anatambua hatari iliyopo, na bado lazima arudi kitandani, aweke dripu na kujibu swali asiloweza kulikwepa: "Sista, nitapona?"

Hakuna jibu la kukariri kwa swali hilo. Kuahidi kupona ni kusema uongo. Kutangaza kifo si kazi yake, na hakuna aijuaye saa ya mtu. Wengi hujifunza kusema lililo kweli kwa wakati ule: kwamba jeraha ni kubwa, kwamba watamtunza, kwamba hawatamwacha peke yake, na kuuliza ni nani angependa aitwe. Kusema hivyo kwa sauti tulivu, kisha kwenda kitanda kinachofuata na uso uleule, ni kazi nzito isiyoandikwa popote kwenye chati.

Maumivu yanayotoka mkononi mwa mlezi

Sehemu ngumu kuliko zote ni kusafisha vidonda. Bandeji za jana huloweshwa na kubanduliwa. Tishu zilizokufa huondolewa, kidonda huoshwa, dawa hupakwa na bandeji mpya hufungwa. Kwa mtu aliyeungua sehemu kubwa, shughuli hiyo huweza kuchukua saa nzima au zaidi. Kadiri kidonda kinavyopata uhai, ndivyo na maumivu yanavyoweza kuongezeka, hata mgonjwa akaona kwamba hali yake inazidi kuwa mbaya kumbe anapona.

Dawa za kuyapunguza maumivu hayo zipo. Mofini na ketamini zimo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu, nazo hutumika kwa kazi hiyo duniani kote. Lakini dawa zikiwa zimekwisha, au zikiwa zimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo hayupo, au hakuna aliyeziandika kwenye faili, muuguzi hubaki na parasetamoli, maji na mikono yake.

Hapo huruma isiyo na dawa humpeleka kwenye moja ya njia mbili. Ya kwanza ni kufanya haraka, kubandua bandeji kavu kwa nguvu, kutosikiliza kilio na kuamuru kwa ukali, ili mateso yale yaishe upesi kwa wote wawili. Ya pili ni kumhurumia mgonjwa kupita kiasi, kuosha juu juu na kuacha tishu zilizokufa zikiwa mahali pake. Njia ya kwanza humjaza mgonjwa hofu inayoongeza maumivu ya siku inayofuata. Ya pili huwafungulia mlango vimelea, na maambukizi ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya waliookoka siku za mwanzo.

Muuguzi mzuri wa wodi ya moto ni yule anayeweza kupita katikati ya njia hizo mbili, asiwe jiwe wala asizidiwe na machozi. Hilo si jambo la kipaji pekee. Hutegemea pia kama anavyo vya kumsaidia.

Jinsi moyo unavyojilinda

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Isabel Menzies, mtaalamu wa saikolojia, aliombwa kuchunguza hali ya wauguzi katika hospitali moja ya mafunzo jijini London. Alibaini kuwa utaratibu wenyewe wa kazi ulikuwa umejengwa kwa namna ya kuwakinga wauguzi wasiguswe mno na mateso ya wagonjwa. Kazi ziligawanywa vipande vipande ili muuguzi asikae sana na mgonjwa mmoja, na wagonjwa walitajwa kwa namba za vitanda au kwa viungo vyao vinavyougua badala ya majina. Menzies alionyesha kuwa kinga hiyo haikuondoa hofu. Iliificha tu, na ikawanyima wauguzi furaha ya kuona mtu waliyemhudumia akipona.

Anayefahamu wodi zetu hatashangaa. Naye ameshasikia "kitanda namba saba" na "yule wa asilimia arobaini". Mara nyingi lugha hiyo si dharau, bali ni ukuta ambao muuguzi huujenga ili aweze kumaliza zamu.

Tatizo ni kwamba katika wodi ya moto ukuta huo haudumu. Mgonjwa wa malaria huweza kurudi nyumbani baada ya siku chache, lakini aliyeungua vibaya hukaa majuma mengi. Muuguzi hulijua jina la shule ya mtoto, wimbo aupendao na shangazi anayeleta uji asubuhi. Mtoto huyo akifariki siku ya thelathini kwa maambukizi, baada ya ngozi iliyopandikizwa kuanza kushika, msiba huo ni wa muuguzi pia. Lakini yeye hapewi pole wala siku ya kupumzika, na kitanda kile huenda kikapata mgonjwa mwingine kabla zamu haijaisha.

Zipo pia hisia ambazo muuguzi huona haya hata kuzitaja. Ipo hasira dhidi ya mzazi aliyeacha sufuria ya maji ya moto njiani kwa mtoto, ilhali mzazi huyo ameketi pembeni akijilaumu kuliko mtu yeyote anavyoweza kumlaumu. Lipo pia fadhaiko la kumhudumia mwanamke aliyemwagiwa mafuta na kuwashwa moto na mtu wa nyumbani kwake, kisha mtu huyohuyo akafika saa ya kuona wagonjwa akiwa na chupa ya chai.

Upo mtihani wa kumuuguza mtuhumiwa wa wizi aliyechomwa na kundi la watu mtaani, huku askari akiwa kando ya kitanda. Maadili ya uuguzi yanamtaka muuguzi atoe huduma ileile kwa wote, naye huitoa. Lakini kutii maadili hayo nako kuna gharama moyoni.

Zamu ikiisha, kazi haiishi. Harufu ya nyama iliyoungua hukaa katika kumbukumbu, na wapo wauguzi wanaoshindwa kula nyama choma kwa muda. Wengine hushtuka kila mtoto wao anaposogelea jiko la mkaa, wakimkemea kwa ukali ambao familia haiuelewi.

Uchovu unaoitwa roho mbaya

Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika kuhusu kazi zinazomtaka mfanyakazi atawale hisia zake kama sehemu ya ajira, akianzia kwa wahudumu wa ndege wanaolazimika kutabasamu safari nzima. Alieleza kuwa kuna kuigiza hisia usoni tu, na kuna kujilazimisha kuihisi kweli, na kwamba yote mawili humchosha mtu. Mhudumu wa ndege hutakiwa kutabasamu. Muuguzi wa wodi ya moto hutakiwa kuzuia uso wake usionyeshe mshtuko anapofungua bandeji ya usoni, kwa sababu katika saa ile uso wake ndio kioo cha kwanza cha mgonjwa.

Mwaka 2019, WHO ilieleza uchovu wa kazi uliopindukia kuwa hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa. Ilitaja dalili tatu, ambazo ni kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa fikra au kuidharau, na kupungua kwa ufanisi.

Katika wodi, dalili hizo huonekana kwa sura tunazozifahamu. Muuguzi hujibu kwa mkato. Huchelewa kuitika anapoitwa. Husema "huyu analia sana" kuhusu mgonjwa ambaye hajapewa dawa ya maumivu. Huomba kuhamishiwa wodi nyingine, na akikosa huanza kutoonekana kazini.

Kueleza chanzo si kuhalalisha kosa. Mgonjwa ana haki ya kuheshimiwa na kutunzwa utu wake, na muuguzi anayemtukana mgonjwa hapaswi kukingiwa kifua. Lakini hospitali inayoishia kumkaripia muuguzi mmoja bila kutazama makali yanatoka wapi, itamkaripia na atakayeshika nafasi yake.

Nini kinaweza kusaidia

Hatua ya kwanza ni kutuliza maumivu ya mgonjwa ipasavyo. Jambo hili hutazamwa kama suala la mgonjwa peke yake, kumbe dawa hiyo humponya na muuguzi. Mofini ya kunywa hutakiwa kutolewa mapema, nusu saa hadi saa moja kabla ya kusafisha kidonda, wala si wakati bandeji imeshaanza kufunguliwa. Maumivu yapimwe na kuandikwa kama joto la mwili linavyoandikwa, kwa watu wazima kwa namba 0 hadi 10, na kwa watoto kwa picha za nyuso.

Uganda inatoa mfano wa kuutazama. Mwaka 2004 nchi hiyo ilibadili utaratibu wake na kuwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika mofini kwa wagonjwa. Hatua hiyo ililenga hasa wagonjwa wa saratani na Ukimwi, lakini fundisho lake linahusu wodi zote: anayeyaona maumivu saa zote naye apewe uwezo wa kuyatuliza.

Hatua ya pili ni kumrudishia mgonjwa sehemu ya mamlaka juu ya mwili wake. Mtoto huweza kuruhusiwa kuilowesha na kuifungua bandeji mwenyewe pale inapowezekana. Huweza kukubaliana na muuguzi kwamba wakihesabu hadi kumi watapumzika, na ahadi hiyo itimizwe. Mgonjwa anayejua maumivu yatakoma lini huogopa kidogo, na muuguzi hupunguza mapambano.

Hatua ya tatu ni mpangilio wa zamu. Kazi ya kusafisha vidonda vikubwa ifanywe na watu wawili, mmoja akiosha na mwingine akimtazama mgonjwa usoni na kuzungumza naye. Baada ya kidonda kigumu muuguzi apate dakika chache za kukaa na kunywa maji kabla ya kinachofuata. Muuguzi mpya asianzishwe peke yake katika chumba hicho.

Hatua ya nne ni mazungumzo. Baada ya maafa au kifo cha mgonjwa aliyekaa muda mrefu, muuguzi kiongozi wa wodi aweza kuwaita wenzake, akawauliza wanaendeleaje, na kumtaja marehemu kwa jina. Haifai kumlazimisha mtu asimulie yote palepale, kwani njia hiyo haijathibitika kuzuia madhara ya baadaye. Mwongozo ambao WHO na washirika wake waliutoa mwaka 2011 kuhusu msaada wa kwanza wa kisaikolojia unasisitiza kusikiliza bila kushurutisha, kuangalia mahitaji ya lazima na kumwunganisha mtu na msaada zaidi. Asiyepata usingizi kwa majuma, au anayerudiwa na picha za tukio, apelekwe kwa mtaalamu kama ambavyo angepelekwa akiwa na homa.

Sehemu ya mwananchi

Ndugu wa mgonjwa nao wanayo nafasi. Wajulishwe mapema kwamba kidonda kinachopona huweza kuuma zaidi, na kwamba kelele za kusafisha vidonda si dalili ya ukatili. Waulize bila woga kama mgonjwa wao amepewa dawa ya maumivu. Swali hilo likiulizwa kwa adabu humsaidia hata muuguzi, kwa kuwa humpa hoja ya kuipeleka kwa daktari na kwa mfamasia.

Nyumbani, jiko liinuliwe kutoka sakafuni, maji ya moto yasiachwe yakipoa njiani, na mafuta yanayomwagika barabarani yakimbiwe badala ya kukimbiliwa. Anayeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, afunikwe kwa kitambaa safi na apelekwe hospitali.

Asipakwe dawa ya meno, mayai, unga wala mafuta ya kupikia. Vitu hivyo havitibu. Huganda juu ya nyama iliyo wazi, na kabla ya tiba kuanza lazima vibanduliwe kimoja kimoja, na atakayevibandua ni muuguzi, mgonjwa akiwa macho.